Herufi za roketi kwa mfuniko wa kopo na kizibo cha soda

Wateja wangu hapa Mwanga, Kigoma, wanaziita "herufi za roketi": pana, pembe zimepindwa, kama zimeandikwa ubavuni mwa chombo cha angani. Kumbe zimenizidi umri. Kiwanda cha herufi cha Nebiolo, Torino, Italia, kilitoa mtindo wa herufi za chapa uitwao Microgramma mwaka 1952, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese, herufi kubwa tupu. Mwaka 1962 Novarese akaleta Eurostile, yenye herufi ndogo pia. Mimi nazichora kwa brashi juu ya bati.

Tuseme neno ni DAGAA, na bati ni la futi 8, karibu sentimita 240. Lipige msasa, kisha piga mistari miwili kwa kamba yenye chaki, iachane sentimita 20. Kila herufi ipe upana wa 30. Ndiyo, 30. Fundi mgeni hulionea bati huruma, akabana mpaka 22, roketi ikageuka daladala. Kati ya herufi acha 5. Utatumia 170, na kila upande utabaki na kama 35 za kupumulia.

Kazi yenyewe iko kwenye pembe. Nje zungushia mfuniko wa kopo wenye kipenyo cha sentimita 10. Ndani, kizibo cha soda, ambacho ni kama 3. Mstari wa kusimama uwe na unene wa 3.5, maana nusu ya 10 ukitoa nusu ya 3 unapata hiyo hiyo. Nilipoanza nilitumia mfuniko uleule nje na ndani, kwenye boti moja pale Kibirizi. Pembe zote zikanenepa. Mwenye boti akaziangalia weee, akaniuliza, "Fundi, hizi zinaumwa jino?" Nilishinda nafuta kwa thina, na hela sikupata.

Mistari ya kulala ipunguze mpaka 3. Ukiiacha sawa na ya kusimama, jicho litaiona minene zaidi. Kizibo chako bado kinafaa, mradi kiguse mistari yote miwili ya ndani.

D usiipinde kushoto! Pembe zile mbili ziache kali, la sivyo watu watasoma OAGAA. A yangu haina ncha. Ni U iliyopinduliwa, ikafungwa mkanda chini kidogo ya katikati.

Jina lenye I nyingi ni mtihani. KIBIRIZI ina I nne, na I haipanuki hata uibembeleze vipi, kwa hiyo K, B, R na Z nazipunguza mpaka 24 zisiimeze. MAWESE ni kinyume chake: M na W zinataka 36 kila moja, kwa hiyo pima kabla hujapatana bei.

Rangi ya mafuta ipake asubuhi, upepo wa ziwa haujaleta vumbi. Nyoosha mistari kwanza, pembe mwisho, kwa mzunguko mmoja wa kiganja bila kuinua brashi. Chaki ifute kesho yake, kwa kitambaa kikavu.