Kukamilisha Pokédex ukiwa huna wa kubadilishana naye

Mimi ni fundi simu wa Kariakoo, na meza yangu ya pili ni ya mashine za gemu: Game Boy Advance SP zinazokuja na mizigo ya mtumba, Nintendo DS zenye skrini iliyopasuka, na siku hizi Switch. Mteja akinunua gemu ya Pokémon, ile ya kukamata wanyama wa kubuni na kujaza orodha yao iitwayo Pokédex, baada ya wiki chache hunirudia na swali lilelile: "Fundi, Haunter wangu yuko levo ya 60, mbona hageuki?" Haunter, mmoja wa wanyama hao, hatageuka hata ukimfikisha 100. Katika gemu nyingi hugeuka kuwa Gengar, umbo lake la mwisho, pale tu anapohamishiwa kwa mchezaji mwingine. Kadabra, Machoke na Graveler nao ni hivyohivyo, tangu matoleo ya kwanza yalipotoka Japani Februari 1996.

Sasa, kabla hujaanza kuhangaika, jua umefungiwa wapi, kwa sababu makufuli ni mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni la toleo: gemu huuzwa kwa matoleo mawili, na kila moja lina wanyama wasiopatikana kwenye jingine. Katika Red utamkuta Ekans, Growlithe na Scyther. Katika Blue utamkuta Sandshrew, Vulpix na Pinsir. Mwenye Red anaweza kukesha porini mwaka mzima asimwone Vulpix hata mmoja. Kufuli la pili ni la mageuzi: mnyama unaye, umemshika mwenyewe, ila hakui mpaka avuke kwenda kwa mtu.

La kwanza nalitetea mbele ya yeyote. Satoshi Tajiri, aliyebuni gemu hii, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu. Alipouona waya unaounganisha Game Boy mbili, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Gemu nzima imetoka hapo. Ukifuta kubadilishana umebakiza vita vya zamu kwa zamu, na hivyo viko kwenye gemu nyingi tu.

Kufuli la pili silipendi. Nimemlea Machoke kuanzia akiwa Machop, nimepigana naye kila ukumbi wa kushindania beji, halafu naambiwa jirani amshike kidogo ndiyo akomae? Kilele cha upuuzi huo ni Karrablast na Shelmet, walioingia na matoleo ya Black na White mwaka 2010. Hao hugeuka endapo tu wamebadilishwa wao kwa wao, mmoja huku na mwingine kule. Ukimtoa Karrablast ukapewa kitu kingine chochote, anafika kwa mwenzako vilevile alivyoondoka. Aliyepanga sharti hilo hajawahi kuwa mtoto pekee mwenye Switch mtaani kwao.

Haya, kazi.

Mkiwa wawili na bado hamjanunua, nunueni matoleo tofauti. Mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, mimi nataka Scarlet," mimi nikachukua Violet hapohapo. Yeye ana Larvitar na Deino, mimi nina Bagon na Dreepy. Tulipokaa kochi moja tukamalizana bila kuunguza hata MB moja, kwa sababu Switch mbili zilizo karibu huongea zenyewe bila intaneti. Fungua menyu kwa X, ingia Poké Portal, chagua Link Trade, wote wawili muweke namba moja ya siri yenye tarakimu 8. Usibonyeze L ya kuingia mtandaoni. Ukiibonyeza utadaiwa usajili wa Nintendo Switch Online, ambao Marekani ni dola 19.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na kwa jambo linalofanyika kochini hizo ni hela za kutupa.

Mkiwa hapo hapo pamoja, kumbukeni Finizen. Huyu hahitaji kuhamishwa, ila hugeuka akipanda levo, kuanzia ya 38, wakati mmejiunga kwenye Union Circle, sehemu ya kucheza pamoja, na mchezaji mwingine. Watu humaliza kubadilishana, wakaagana, ndipo wanamkumbuka. Na wanaohitaji kushikishwa kifaa washikishwe kabla: Scyther bila Metal Coat atavuka na kubaki Scyther. Kinyume chake ni Everstone, jiwe la kuzuia kugeuka. Mkague mnyama asije akawa analo mkononi.

Ukiwa na mgeni asiyekujua, usimkabidhi Haunter wako wa pekee kwa ahadi ya "nitakurudishia". Mtu anakata mawasiliano, na hakuna wa kumshitakia. Njia ninayowafundisha vijana ni hii: kila mmoja atoe Haunter. Wote wanavuka, wote wanageuka, kila mtu anaondoka na Gengar na hakuna deni. Pia usiombe mnyama wa levo ya 80 ukiwa na beji mbili. Atakuja, lakini ukimwamuru apige atalala usingizi, kwa sababu wanyama wakubwa wa kupewa hawamtii mtu asiye na beji za kutosha.

Kama huna mtu kabisa lakini una Switch na simu, pakua Pokémon HOME, programu ya kuhifadhi wanyama, kwenye simu. Ilitoka Februari 2020, na akaunti ya bure inahifadhi wanyama 30. Kuwatoa kwenye Switch kwenda HOME kunahitaji intaneti ya kawaida tu, hakuhitaji ule usajili wa kulipia. Kwenye simu kuna GTS, soko la kubadilishana, ambako unaweka mnyama wako na kutaja unayemtaka, halafu unaendelea na shughuli zako. Utakuta humo watu wanatoa Rattata wakidai Mewtwo; wapite. Wewe weka bei ya haki: mimi naweka Dreepy wa Violet naomba Deino wa Scarlet, maana mwenye Scarlet ana shida kama yangu upande wa pili. Wa kutoka kwenye yai, levo ya 1, anatosha. Anayekamilisha orodha hatafuti nguvu.

Ila HOME inafungua kufuli la kwanza peke yake. Mnyama anayebadilishwa ndani ya HOME hageuki. Haunter atazunguka dunia humo na kurudi Haunter. Kwa wa namna hiyo inabidi mkutane ndani ya gemu yenyewe.

Kuna faida moja ya kubadilishana ambayo sisi wa huku tunaikalia bila kujua. Tangu Diamond na Pearl, mwaka 2006, wazazi wawili waliotoka kwenye gemu za lugha tofauti huzaa mayai yenye nafasi kubwa zaidi ya kutoa mnyama wa rangi adimu. Wachezaji huiita mbinu ya Masuda, kwa jina la Junichi Masuda wa Game Freak, kampuni inayotengeneza gemu hizi. Katika Scarlet na Violet nafasi ya kawaida ni 1 kwa 4,096. Kwa mbinu hii inakuwa karibu 1 kwa 683. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha, kwa hiyo wengi wetu Tanzania na Kenya tunacheza kwa Kiingereza. Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura wengi huchagua Kifaransa. Basi Ditto, mnyama anayeweza kuzaa na karibu mnyama yeyote, aliyeshikwa Bujumbura ni mgeni kamili kwenye gemu ya Dar, na wa Dar ni mgeni kule. Badilishaneni Ditto kwa Ditto, wote mnafaidika. Na kama ndiyo kwanza unaanza gemu, na mna mashine mbili nyumbani, mmoja achague Kifaransa tangu mwanzo.

Wa kaseti za zamani sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndiko hela za watu zinakopotea.

Usinunue Nintendo DS kwa ajili ya kubadilishana kwenye gemu za Game Boy Advance (GBA). DS na DS Lite zinameza kaseti ya Ruby au FireRed vizuri kabisa na inacheza, lakini hazina tundu la waya. Unahitaji GBA au SP. Kwa kaseti za zamani zaidi, kama Blue au Gold, hata ukizichezea kwenye SP tumia waya wa Game Boy Color. Ule wa GBA hautazikutanisha. Mtu akikuuzia "waya wa Game Boy", mwambie auchomeke mbele yako kwenye mashine mbili na muone wanyama wa pande zote kwenye skrini. Wakati wa kubadilishana usizime mashine wala usiuguse waya, maana mnyama anaweza kupotelea njiani.

Mwenye FireRed au LeafGreen asishangae akikataliwa kubadilishana na Ruby. Kwanza apate National Pokédex, yaani orodha kubwa ya wanyama, halafu ampelekee Celio, mhusika wa ndani ya gemu anayekaa One Island, yale mawe mawili, Ruby na Sapphire, akamilishe mtambo wake. Nimeshaletewa mashine nzima nzima niitengeneze, kumbe ugonjwa ni huo.

Halafu betri. Ndani ya kaseti za Red, Blue, Gold na Silver kuna betri ya kidonge inayoshikilia ulichohifadhi. Ikifa, kila kitu kinafutika, na hata fundi akiibadilisha ikiwa bado nzima, kuitoa tu kunafuta. Gold na Silver huisha mapema zaidi kwa kuwa betri yao ya CR2025 inaendesha na saa ya ndani. Hapo kubadilishana kunakuwa njia ya kuokoa mali: kabla hujaniletea, chomeka waya, wahamishe wanyama unaowapenda kwenye kaseti ya mwenzako, nibadilishe betri, kisha uwarudishe. Haunter atafika kwenu akiwa Gengar, lakini hilo hakuna atakayelilalamikia. Ruby na Sapphire hazina hatari hiyo; betri yao ni ya saa tu.

Ukinunua kaseti za DS kama Diamond au Pearl, usihesabu intaneti. GTS ya kwanza ilianzia humo, lakini huduma ile ilizimwa tarehe 20 Mei 2014. Mtandao wa 3DS, mashine iliyofuata baada ya DS, ukafuata tarehe 8 Aprili 2024. Mashine mbili zilizo karibu bado zinaonana, na waya wa 1996 bado unapitisha Kadabra. Kwa hiyo sharti la kubadilishana likitegemea seva, siku moja halitatimizika tena, na gemu uliyoinunua kwa hela yako inabaki na nafasi tupu milele.

Pokémon GO, gemu ya kwenye simu ya kukamata wanyama ukitembea, ina sheria zake. Kubadilishana kuliongezwa Juni 2018, na kwa kawaida mnatakiwa muwe marafiki ndani ya gemu na msiwe mbali zaidi ya mita 100. Bei hulipwa kwa Stardust, vumbi unalokusanya humo ukicheza, na hushuka kadiri urafiki unavyokua. Mnyama wa kawaida usiye naye bado hugharimu 20,000 mwanzoni, lakini mkifika ngazi ya urafiki ya Ultra Friends, siku 30 za kutumiana zawadi, inashuka hadi 1,600. Wa hadithi usiye naye huanzia 1,000,000, na kwa ngazi ya juu zaidi, Best Friends, ni 40,000. Subira inalipa kuliko kukimbizana na Stardust. Nguvu za mnyama huchanganywa upya akihamishwa, kwa hiyo usimtoe aliye bora kabisa. Na akishahamishwa mara moja hahamishiki tena.

Hapa ndipo napapenda. Kadabra akihamishwa, kugeuka Alakazam hakugharimu pipi yoyote, zile unazokusanya humo kwa kukamata wanyama. Asipohamishwa ni pipi 100. Ukiwa na mwenzako unapata nafuu, ukiwa peke yako unachelewa lakini unafika. Kufuli la mageuzi lingekuwa hivyo kila mahali nisingelisema vibaya.

Na sisi wa pwani tuna mali. Tropius, yule mwenye vichane vya ndizi shingoni, hupatikana Afrika na baadhi ya maeneo ya Mashariki ya Kati na Mediterania. Mchezaji wa Marekani hamwoni kwao. Corsola naye hupenda pwani za joto. Mgeni wa Marekani anayetua Zanzibar huwa na Tauros tele, wa Ulaya ana Mr. Mime. Shika Tropius kadhaa, waweke, na ukimwona mtalii pale Forodhani anatelezesha kidole kwenye skrini kwa namna unayoijua, msalimie umuulize ana nini. Kutaneni mchana na mahali pa watu. Mimi Dar huwaita Posta, karibu na Sanamu ya Askari. Simu usiitoe mkononi mwako, hata akisema anakuonyesha tu pa kubonyeza.

Na kama kweli huna mtu, huna bando, wala hutaki kusalimiana na watalii, cheza Legends: Arceus, gemu ya Pokémon ya Switch iliyotoka Januari 2022. Humo wameweka kifaa kinachoitwa Linking Cord: unampa Haunter, Machoke, Graveler au Kadabra, anageuka palepale. Metal Coat kwa Scyther inafanya kazi vivyo hivyo. Haina matoleo mawili, kwa hiyo orodha yake kuu unaweza kuimaliza peke yako kitandani. Wakiniachia mimi, ningeweka Linking Cord moja kwenye kila gemu inayokuja, iwe ghali na ichelewe kupatikana, ili mwenye rafiki atangulie na asiye naye amkute mbele.