Namna ya kuusoma mjadala wa zamani kwenye Hansadi

Kijiweni kwetu Majengo, hapa Dodoma, kila mzee ana Richmond yake, yaani anavyousimulia yeye ule mjadala wa bungeni wa 2008 kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kahawa ikishamiminwa, utasikia nani alisimama, nani alijibu nini, nani alitoka nje kwa hasira. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi, na siku moja niliokota nukuu tamu hapohapo kijiweni nikawapa vijana wangu wa mdahalo. Siku ya shindano, mwalimu wa upande wa pili akafungua kurasa zake: maneno yale hayakusemwa kikao kile, na msemaji hakuwa yule. Tukashindwa kihalali. Tangu hapo nafundisha hivi.

Anza na tarehe, jina litafuata. Hansadi, yaani taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, imepangwa kwa mikutano, na kila mkutano una vikao vyake vya siku kwa siku. Kwa Richmond, chukua tarehe 6 na 7 Februari 2008. Siku ya kwanza Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti. Kesho yake Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu uwaziri mkuu. Soma zote mbili. Ukisoma ya pili peke yake utaona kishindo tu, hutaona kilichokisababisha.

Dua, hati za mezani na maswali ya asubuhi, pitisha macho. Hoja ikianza, punguza mwendo, ushike penseli.

Sasa mabano. Vijana wengi huyaruka, na hapo ndipo kuna uhondo. Zungushia kila (Makofi) na kila (Kicheko), kisha jiulize yamekuja baada ya neno gani. Mara nyingi utakuta mbunge kapigiwa makofi alipowashukuru wapiga kura wake, halafu akataja tarakimu nzito na ukumbi ukanyamaza. Ukimya huo hauandikwi. Unauona kwa kukosa mabano.

Angalia pia kengele. Mtu anaweza kuisema wizara dakika tisa nzima: barabara haipitiki, zahanati haina dawa, maji ni ahadi za tangu mwaka juzi. Kengele inalia, naye anamalizia, "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Usiandike kwenye daftari lako kwamba aliridhika! Ile ni desturi ya kufungia, na wakati mwingine ni adabu ya chama. Msimamo wake uko kwenye zile dakika tisa.

Ukikuta imeandikwa kwamba maneno fulani siyo sehemu ya Taarifa Rasmi za Bunge, ujue kuna kitu kilisemwa kikafutwa. Hapo weka alama, ukatafute magazeti ya kesho yake. "Taarifa", "kuhusu utaratibu" na "mwongozo wa Spika" ni milango ya kumkatiza msemaji. Hesabu nani alikatizwa mara nyingi.

Onyo moja kwa wanaorudi nyuma zaidi. Enzi za chama kimoja, kabla ya 1992, moto mara nyingi ulikuwa kwenye vikao vya chama. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa TANU, kwa hiyo anayeusaka kwenye Hansadi peke yake atachoka bure. Huko utahitaji magazeti ya wakati ule, na wazee.

Ndiyo, wazee walewale. Lakini usimuulize mzee nani alisema nini. Mwamkie, muagizie kahawa na kashata, umuulize alikuwa wapi siku hiyo na alikuwa na nani. Yule aliyenipa nukuu yangu ya aibu nilimrudia.

"Shikamoo mzee. Siku ile ya Richmond ulikaa upande gani bungeni?"

"Marahaba. Bungeni nani? Nilikuwa kwa fundi cherehani, tunasikiliza redio yake. Na betri zilikuwa zinakata."