Mwaka wa kwanza wa kustaafu: namna ya kuipanga wiki isiyo na bosi

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu hupita vizuri, na ya pili vilevile. Shida huanza pale deni la usingizi limeshalipwa, simu za pongezi zimekoma, na saa nne asubuhi inakukuta umekaa sebuleni na rimoti mkononi. Robert Atchley, mwanasosholojia wa Marekani aliyeandika juu ya kustaafu katika miaka ya 1970, alikifananisha kipindi cha mwanzo na fungate. Kinachofuata, kwa maelezo yake, ni kuvunjika moyo, kisha mtu hujipanga upya. Si wote wanaopitia hatua hizo wala kwa mfuatano huo. Lakini ukijua kwamba baada ya fungate huenda kuna bonde, hutadhani umekosea kustaafu siku utakapoteremka humo.

Wengi hulijaza bonde hilo kwa shughuli yoyote inayopita mbele yao. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu hawajajua walichopoteza. Marie Jahoda, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna, alitaja mambo matano ambayo ajira humpa mtu kando ya mshahara: mpangilio wa muda, watu wa nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na ulazima wa kujishughulisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na wenzake walikuwa wamekichunguza kijiji cha Marienthal, Austria, ambacho kiwanda chake kilifungwa. Wanaume wa pale walikuwa na muda tele, lakini mwendo wao barabarani ulikuwa wa kujikokota, na vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua badala ya kuongezeka. Wale walikuwa wamepoteza kazi, hawakustaafu, tena walikuwa katika ufukara. Hata hivyo yaliyowapata upande wa muda humpata mstaafu pia.

Kwa hiyo anza na karatasi. Andika siku moja ya kawaida ya kazini, saa kwa saa, tangu kuamka hadi kulala. Kando ya kila saa andika ilikupa nini kati ya mambo yale matano. Usishangae ukiona kikao ulichokichukia ndicho kilichokukutanisha na watu wanane, au kwamba kutembea hadi kituoni ndiyo mazoezi pekee uliyokuwa nayo. Zungushia duara mawili unayoyakosa zaidi. Hayo ndiyo ya kutafutiwa mbadala kwanza, mengine yasubiri.

Panga wiki, usipange siku

Ratiba ya kila saa huvunjika kufikia Jumatano, na mwenyewe akajiona mzembe. Weka nguzo chache tu. Ya kwanza ni saa ya kuamka: iwe ileile kila siku, isitofautiane zaidi ya nusu saa. Ya pili, toka nje ya nyumba kabla ya saa sita mchana, hata kama huna pa kwenda. Ya tatu, miadi miwili au mitatu kwa wiki na mtu anayekusubiri. Neno lenye uzito hapo ni "anayekusubiri". Ukijiahidi mwenyewe utaahirisha. Mwenzako akiwa amesimama mahali anaangalia saa, utakwenda. Kati ya nguzo hizo acha nafasi wazi. Uhuru huo umeutafuta miaka mingi, usiugeuze ofisi nyingine.

Usingizi wa mchana haudhuru ukiwa wa dakika 20 hadi 30 na ukaisha kabla ya saa tisa alasiri. Ukizidi hapo, utalala kwa shida usiku, utachelewa kuamka, na nguzo ya kwanza imeanguka.

Miezi sita ya kusema "bado"

Kiinua mgongo kikiingia, na habari zake huingia mitaani kabla hazijaingia benki, kila mtu huwa na wazo la biashara. Kwa miezi sita jibu liwe moja: bado. Usihame mji, usijenge, usimdhamini mtu mkopo, usikubali uenyekiti wa kamati. Anayekuhimiza usaini leo kwa sababu kesho nafasi itakuwa imeisha, muage.

Mshahara ulikuwa ukikupangia matumizi kwa kuja tarehe moja. Rudisha utaratibu huo: akiba ikae akaunti moja, matumizi akaunti nyingine, na agiza benki ihamishe kiasi kilekile kila mwezi tarehe uliyozoea kulipwa. Kikiisha kabla ya mwezi, utajua mapema kwamba bajeti haikai sawa, badala ya kugundua baada ya miaka mitatu. Ukitaka biashara usiyoijua, fanya kwanza kazi kwa mwenye biashara kama hiyo kwa miezi mitatu, hata bila malipo. Utaona hasara zake ukiwa hujaweka mtaji.

Nyumba ilikuwa na utaratibu kabla hujarudi

Mwenza wako alizoea kuwa na nyumba mchana. Sasa kuna mtu anayeuliza chakula kitaiva saa ngapi na kwa nini taa ya ukumbini inawaka. Mstaafu aliyesimamia watu kazini ndiye mwenye hatari kubwa ya kugeuka mkaguzi wa jikoni. Kaeni chini wiki ya kwanza mkubaliane mambo matatu: saa ambazo kila mmoja yuko peke yake, kazi za nyumbani unazozichukua moja kwa moja (kuzimiliki, siyo "kusaidia"), na sehemu ya nyumba iliyo yako. Kwa wajukuu, taja siku na saa unazoweza kuwaangalia. Usipotaja, utapangiwa zote.

Kazi isiyo na mshahara

Utoshelevu hauji kwa kuutafuta ukiwa umekaa. Chagua jambo moja la kujifunza na moja linalomfaa mtu mwingine, yape yote mawili mikutano sita, ndipo uamue. Mara mbili za kwanza hazikuonyeshi kitu, kwa sababu bado unajisikia mgeni. Unapojitolea mahali, omba kazi yenye saa maalumu, msimamizi, na tarehe ya kumaliza. Bila hivyo ama watakusahau, ama watakutwisha kila kitu. Ujuzi wako wa zamani utoe unapoulizwa. Kupita ofisini kuwaeleza vijana mlivyokuwa mkifanya huchosha pande zote mbili.

Andaa pia jibu la "unafanya kazi gani?" Linalosema ulikuwa nani humaliza mazungumzo. Linalosema wiki hii unashughulika na nini huyaanzisha.

Marafiki wa kazini wengi hupotea bila ugomvi. Kilichowaunganisha kilikuwa kazi. Pitia majina kwenye simu, chagua matano, na kwa kila mmoja weka siku inayojirudia, kwa mfano Alhamisi ya kwanza ya mwezi. "Tutafutane" huishia hapohapo.

Mwili

Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya uwiano wa mwili siku tatu au zaidi ili kuepuka kuanguka. Kutembea hadi pumzi ikaongezeka huku ungali unaweza kuongea kunatosha kwa hizo 150. Kwa nguvu, kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, simama bila kushika kitu, kaa taratibu, mara 8 hadi 10. Kama goti au moyo una historia, muulize daktari kwanza.

Huzuni ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikabadilika, au ukaanza kunywa pombe mapema kuliko zamani, hiyo si ya kusubiri ipite: nenda hospitali wiki hiyohiyo, na umweleze daktari tarehe uliyostaafu.