Safari Fupi ya Mwisho wa Wiki Ukitokea Kisumu: Anza na Saa, Kisha Chagua Mahali

Mkazi wa Kisumu anayepanga kutoka nyumbani Jumamosi na kurejea Jumapili huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Mimi ningependa aulize kwanza atafika saa ngapi, kwa kuwa katika ukanda huu wa ziwa na miinuko, mahali pamoja huweza kupendeza mno saa moja asubuhi na kuchosha saa tisa alasiri, na mtu asiyejua hivyo hurudi akilaumu mahali ambapo hapana kosa.

Sababu yake ni ziwa lenyewe. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka Ziwa Viktoria kuelekea bara ukiwa umebeba unyevu mwingi; unapopanda kwenye miinuko ya Nandi na Kakamega hupoa, mawingu hutanda, na mvua hunyesha alasiri, mara nyingi ikiandamana na radi. Upepo huohuo ndio unaoinua mawimbi katika Ghuba ya Winam baada ya adhuhuri. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kwamba ziwa na msitu vitembelewe asubuhi, na alasiri iachiwe chakula, mapumziko au mwendo wa barabarani.

Jambo la pili la kuzingatia ni usafiri wa matatu. Magharibi mwa Kenya mazishi mengi hufanyika Ijumaa na Jumamosi, hivyo magari hujaa waombolezaji tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi asubuhi, na Jumapili alasiri stendi hujaa tena watu wanaorejea kazini. Ukiongeza siku za kufunga na kufungua shule, nauli hupanda pia. Ni afadhali uondoke Jumamosi katikati ya asubuhi, msongamano ukiwa umepungua, na uanze kurudi Jumapili kabla ya saa nane mchana.

Ratiba hiyo inaufaa Msitu wa Kakamega kuliko mahali pengine popote, nao ndio ninaoupendekeza kwa safari ya kwanza. Mji wa Kakamega uko takriban kilomita 50 kaskazini mwa Kisumu, na msitu wake ni kipande kilichosalia mashariki kabisa cha misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Afrika ya Kati. Yako malango mawili makuu. Buyangu, upande wa kaskazini, iko katika hifadhi ya taifa inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kiingilio chake hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini na ubebe kitambulisho ili utozwe kiwango cha raia. Isecheno, upande wa kusini, iko chini ya Huduma ya Misitu. Ukitumia matatu unashuka Khayega na kupanda bodaboda kupitia Shinyalu. Mimi naipenda zaidi Isecheno kwa sababu miti mikubwa sana iko karibu na lango, na vijana wa hapo wanaoongoza wageni wameujua msitu huo tangu utotoni.

Fika Jumamosi mchana, tafuta malazi, na mvua ikinyesha iache inyeshe. Kabla ya kulala, patana na kiongozi kuhusu malipo yake na saa ya kuondoka, tena umweleze waziwazi kama ungependa kuona ndege, nyani au miti ya dawa, kwa maana njia anayoichagua hutegemea jibu lako. Wanaotaka kuona jua likichomoza kutoka Kilima cha Lirhanda huondoka gizani, na kwa hiyo wanahitaji tochi, sweta na viatu visivyoteleza. Kilimani hapo pana handaki la zamani la wachimbaji dhahabu, kwani Kakamega ilipata wimbi la kutafuta dhahabu mapema katika miaka ya 1930. Siku hizi wakazi wa handaki hilo ni popo. Mkishuka, tembeeni polepole na msizungumze. Mbega weusi kwa weupe hutokea juu ya miti kuota jua baada ya usiku wa baridi, na shorobo wa buluu, ndege mkubwa ambaye huwezi kumkosea, husikika kabla ya kuonekana. Wenye watoto wadogo waache kilima, watembee saa moja tu karibu na kituo, inatosha kabisa.

Asiyeweza kulala nje aende Dunga, ukingoni mwa jiji la Kisumu. Akodi mashua asubuhi ziwa likiwa limetulia, apite kando ya mafunjo ambamo huishi ndege wasiopatikana penginepo ila katika vinamasi vya aina hiyo, kisha ale samaki aina ya ngege ufukweni kabla upepo haujaanza. Usikubali kupanda mashua isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, hata ukiambiwa kwamba mwendo ni mfupi. Usitembee pia kando ya maji kabla hapajapambazuka, kwa kuwa viboko hulisha nchi kavu usiku na humshambulia anayesimama kati yao na maji.

Kit Mikayi, rundo la miamba mikubwa kwenye barabara ya kwenda Bondo, ni safari ya nusu siku, na ni vyema kufika mapema kabla miamba haijawa moto. Baadhi ya watu hufunga na kuomba katika mapango yake, basi punguza sauti na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya baada ya kuuawa mwaka wa 1969, kinahitaji usiku mzima. Unaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay hadi Mbita, kisha uvuke daraja, au upande feri Luanda Kotieno. Ukichagua feri, siku ileile unayovuka uliza ratiba ya kurudi, kwa sababu ukiikosa ya Jumapili utalazimika kurudi kwa njia ndefu ya Homa Bay wakati ambapo magari yamekwisha kujaa.