Somo: Kabla ya Kuongeza Kasi ya Mkanda wa Kokoto, Pima Mita Moja

Timbo moja nililofanyia kazi huku Nakuru tulifunga mota kubwa ili mkanda, ule wa raba unaozungushwa na mota kubeba mawe, ukimbie. Tani hazikuongezeka, raba ndiyo iliyoisha upesi. Mkanda ulikuwa unatembea nusu mtupu.

Hatua ya 1. Simamisha mkanda ukiwa bado umebeba mawe, piga kufuli swichi, ufunguo ukae mfukoni mwako. (Si kwa fundi mwenzako, mfukoni mwako.) Kusanya mawe yaliyo kwenye mita 1, yapime. Kilo hizo zidisha kwa kasi ya mkanda, mita kwa sekunde, kisha kwa 3.6. Kilo 40 kwa kasi ya 1.5 ni tani 216 kwa saa. Kilo 10 ni tani 54 tu. Rudia asubuhi, mchana na jioni, maana mita haziwi sawa.

Hatua ya 2. Ziba mapengo. Eskaveta ikimwaga moja kwa moja, mkanda unapata rundo, halafu nafasi tupu. Weka hopa, yaani chombo cha kupokea mawe, yenye fida chini inayotoa mawe kidogo kidogo bila kukatika. Pesa iko hapa kuliko popote.

Hatua ya 3. Jiwe kubwa lisizidi theluthi ya upana wa mkanda: mkanda wa milimita 600, jiwe la 200. Ndiyo maana krasha, mashine ya kuvunja mawe, hushushwa shimoni. Mwinuko usipite nyuzi 18, mawe yasije yakateleza.

Kwa mkanda, kuinua tani 200 kwa saa hadi mita 20 juu kunahitaji kilowati 11 hivi, kabla ya msuguano. Tipa hupandisha mawe pamoja na uzito wake mwenyewe, kisha hurudi tupu.

MASWALI

— Fundi, mkanda wetu hapa Koru unahamia upande mmoja, unakwaruza fremu. Tukaze?
Usikaze kwanza. Tazama kama mawe yanaangukia katikati. Yakiangukia katikati, jua mkanda huhamia upande wa ile ncha ya rola ambayo mkanda wenyewe unaigusa kwanza. Sogeza rola kidogo, acha uzunguke mara kadhaa.

— Na stima ikipotea mkanda umejaa?
Kwenye mwinuko utarudi nyuma na mzigo wote. Lazima kuwe na breki ya kuuzuia.

— Mimi nina tipa mbili, Kisumu. Niziuze niweke mkanda?
Mahali pa kuchimba panahama kila mara?
— Kila baada ya miezi miwili.
Basi kaa na tipa zako, dada; mkanda si wa kuhamahama hivyo.