Kupata njia moja ya kimbunga cha Mediterania kutoka programu nyingi

Nimetoka kumsaidia mwenzangu kulinganisha njia za Ianos, kimbunga kilichoipiga Ugiriki Septemba 2020. Kila programu ya kufuatilia kitovu cha kimbunga ilikuwa na njia yake. Utaratibu ni huu.

1. Pakua data za ERA5 (rekodi ya hali ya hewa ya zamani iliyojengwa upya kwa kompyuta) kutoka Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuangalia dunia: mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari na upepo wa hektopaskali 850 (kama kilomita 1.5 juu), za kila saa. Chukua eneo pana kuliko bahari yenyewe, kwani vimbunga vingi huanzia Ghuba ya Genova au upande wa pili wa milima ya Atlas. Mgandamizo huja kwa paskali. Gawa kwa 100 upate hektopaskali.

2. Tafuta kitovu. Wapo wanaofuata mgandamizo mdogo, wapo wanaofuata mzunguko wa hewa, unaokokotolewa kutoka upepo ule. Mimi ni wa mzunguko. Mgandamizo wa usawa wa bahari juu ya milima ni wa kukokotolewa tu, na joto la Sahara huzaa vitovu visivyo na dhoruba yoyote. Ila ulainishe mzunguko kwanza, maana kwenye gridi ya ERA5, yenye nukta kila digrii 0.25, kila kijipindo cha upepo hujifanya kimbunga.

3. Unganisha vitovu saa kwa saa, upate njia.

4. Sasa oanisha njia zako na za wenzako. Usiharakishe hapa. Mstari wa Greenwich unakata Mediterania ya magharibi, kwa hiyo faili lenye longitudo za 0 hadi 360 hukivunja vipande viwili kimbunga kinachotoka Hispania kwenda visiwa vya Balearic. Geuza zote ziwe -180 hadi 180, kisha uzipange upya. Kugeuza bila kupanga ni kazi bure. Latitudo za ERA5 nazo hushuka kutoka kaskazini: ukikata eneo kwa xarray (maktaba ya Python ya data za gridi) ukianzia kusini, unapewa jedwali tupu bila onyo lolote.

Umbali upime kwa kilomita, kamwe si kwa digrii. Kwenye latitudo 40, digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 85, ya latitudo ni 111. Programu zinazotoa kitovu kila baada ya saa 6 zilinganishe kwa saa zile tu, tena za UTC (saa za kimataifa); usijazie katikati kwa mstari mnyoofu, kwa sababu vimbunga hivi ni vidogo na hupinda ghafla. Na programu moja ikiona vimbunga viwili pale nyingine inapoona kimoja, dai viende pamoja kwa saa kadhaa kabla ya kuviita kimoja. Kizingiti cha umbali, yaani umbali wa juu kabisa wa kuhesabu vitovu viwili kuwa kimoja, kijaribu kwa thamani mbili tatu. Jibu likiyumba, usilichapishe.

5. Hesabu kura. Seti ya njia iliyotolewa mwaka 2023 kwa mbinu 10 juu ya ERA5 hupanga vimbunga kwa viwango vya uhakika, kulingana na mbinu ngapi zimekubaliana. Anza na vya uhakika wa juu.

6. Kwa utabiri, fuatilia kimbunga katika kila moja ya tabiri 51 za ECMWF (kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa) kwa mipangilio ileile, baada ya kuzishusha kwenye gridi moja na ERA5.