Ukiwa kusini mwa Ufaransa, beba dumu lako
Ukikaa eneo la Languedoc hata wiki moja, usikimbilie chupa za mvinyo zenye lebo za kuvutia madukani. Ulizia ushirika wa wakulima wa zabibu, wao huuita "cave coopérative". Vijiji vingi vinao. Tafuta kibao cha "vin en vrac", yaani mvinyo wa kupima. Unakwenda na dumu safi la lita 5, mhudumu anashika mpira wenye bomba kama la kituo cha mafuta, anakujazia kutoka kwenye tangi, unalipa kwa lita. Omba kuonja kwanza, wamezoea. Rozé yao, yaani mvinyo wa rangi ya waridi, naipenda mno! Ukifika nyumbani uhamishie kwenye chupa, ujaze mpaka shingoni na ufunge vizuri, maana mvinyo ukipigwa na hewa siku chache tu unaanza kuchacha.